Kabla ya Kutundika Wavu: Usanifu wa Ndani wa Mkahawa Wenye Dhamira

Mtu anayekusudia kufungua mkahawa mjini Kisumu, na kuutaka uwe na sura ya Ziwa Victoria, kwa kawaida huanza na wavu. Hununua wavu mkuukuu kwa wavuvi wa ufuo wa Dunga, akautundika darini pamoja na makasia mawili, akamwita mchoraji amchoree samaki wa ziwa hilo, ngege na mbuta, ukutani, kisha akahesabu kwamba kazi ya usanifu imekwisha. Niliwahi kuitwa katika mkahawa wa namna hiyo miezi minane baada ya kufunguliwa. Wavu ulikuwa umeshika mafuta ya kukaangia na vumbi la barabarani hata ukawa mweusi, na haukuweza kuoshwa pasipo kubomoa sehemu ya dari. Meza za upande wa magharibi, zilizotazama ziwa na zilizotegemewa kuvutia wateja, zilikuwa tupu kila siku kuanzia saa tisa na nusu alasiri kwa sababu ya jua. Wakati wa chakula cha mchana, watu wanne waliokaa meza moja walilazimika kuinamiana ili wasikilizane. Mwenye mkahawa alikuwa ameniita nimsaidie kuchagua michoro zaidi, maana aliamini kwamba kilichopungua ni mapambo.

Imani hiyo imeenea, na inaeleweka, kwa sababu mapambo ndiyo sehemu ya dhamira, yaani wazo kuu ambalo mkahawa hujengwa juu yake, inayoonekana katika picha. Hata hivyo, dhamira ya mkahawa ni uamuzi kuhusu jinsi mlo utakavyokwenda: mgeni ataingia wapi, ataona nini kwanza, atanawa vipi, atakaa karibu na nani, atasikia nini, na chakula kitamfikia kwa njia ipi. Uamuzi huo ukishafanywa vizuri, kuta hazidai mengi. Usipofanywa, hakuna idadi ya michoro itakayouziba mwanya.

Historia ya mikahawa ya aina hii inalithibitisha jambo hilo kwa namna mbili. Mwaka 1892 mjini Paris kilifunguliwa kilabu kilichoitwa Cabaret du Néant, ambamo wageni walikunywa juu ya majeneza yaliyogeuzwa meza, chini ya mwanga wa mishumaa, wakihudumiwa na watu waliovaa kama wazikaji. Lilikuwa wazo la kutisha, lakini halikuwa picha ya kutazamwa tu, kwa kuwa mgeni aliligusa kila alipoweka bilauri yake mezani. Karibu karne moja baadaye, mwaka 1991, mkahawa wa Planet Hollywood ulifunguliwa New York ukiwa umejaa mavazi na vifaa vya filamu vilivyowekwa nyuma ya vioo, ukaenea upesi katika miji mingi, na mwaka 1999 kampuni yake ikalazimika kuomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Sababu za kuanguka huko zilikuwa nyingi, na kupanuka haraka ni mojawapo, lakini kwa maoni yangu kitu kilicho nyuma ya kioo hutazamwa mara moja, na mgeni akirudi mara ya pili hakuti jambo jipya la kutenda.

Hapa Kenya tuna mfano ulio bora kuliko yote miwili. Carnivore ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1980, na dhamira yake ni nyama choma. Mgeni anapoingia hukutana kwanza na shimo kubwa la makaa ambamo nyama huchomwa zikiwa zimechomekwa kwenye mishikaki mirefu, kisha wahudumu huzunguka na mishikaki hiyo hiyo wakikata nyama mezani, na hawakomi kuleta mpaka kibendera kidogo kilicho mezani kishushwe. Kibendera hicho hugharimu pesa kidogo sana. Lakini kinaeleza mkahawa ni wa nini, kinampa mgeni usemi juu ya mlo wake, na kinamwondolea mhudumu kazi ya kuuliza. Msanifu anayejifunza kazi hii angefanya vyema kukifikiria kibendera hicho kwa muda mrefu kuliko anavyofikiria rangi za ukuta.

Basi swali la kwanza ni kuichagua dhamira, na kosa la kwanza ni kuchagua jambo pana mno. “Ziwa” si dhamira, kwa sababu halimwelekezi seremala wala fundi wa umeme. “Ufuo asubuhi, mashua zinaporudi na watu wanachagua samaki” ni dhamira, kwa maana maamuzi hutiririka kutoka humo yenyewe: samaki watalazwa penye kuonekana, karibu na mlango, mgeni atachagua kwa macho na kidole badala ya kusoma menyu, mizani itakuwepo, sakafu ya mahali hapo itamwagiwa maji mara nyingi, kwa hiyo itahitaji mteremko na mfereji wa kutolea maji hayo. Wanaokumbuka vibanda vya samaki vya Lwang’ni, vilivyokuwa kando ya maji kabla ya kubomolewa, watatambua kwamba vilikuwa na dhamira hii kamili bila msanifu yeyote. Ulimchagua ngege wako akiwa mzima, ukaamua akaangwe au atiwe mchuzi, na uhusiano wako na mlo ukaanza hapo.

Dhamira ya pili ambayo wengi huielekea ni reli, nayo Kisumu ina haki nayo. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika hapa Desemba mwaka 1901, mahali palipopewa wakati ule jina la Port Florence. Kinachopatikana ndani ya historia hiyo kwa msanifu ni vipimo. Reli ile ya zamani ina upana wa milimita 1,000 kati ya chuma na chuma, ilhali reli mpya ya SGR, iliyofika Naivasha mwaka 2019, ina upana wa milimita 1,435, nayo ni kitu kingine. Nimewahi kuona mchoro wa mkahawa wa reli uliotumia kipimo cha SGR, na kosa hilo halikuwa la kihistoria pekee. Njia ya mhudumu mwenye sinia inahitaji kati ya sentimita 90 na mita 1. Kwa hiyo vipande viwili vya chuma vikilazwa sakafuni, sawa na sakafu, kwa upana wa reli ya zamani, huwa ndiyo njia ya mhudumu yenyewe, na hakuna atakayevuta kiti chake kukaa juu yake. Mabenchi yanayotazamana kila upande, kama ya behewa, hukamilisha mpango huo. Wasafiri wa treni ya usiku wa enzi zilizopita hukumbuka pia jinsi mhudumu alivyopita koridoni akigonga vibao vya sauti kutangaza kwamba chakula ki tayari. Mlio huo mmoja ungeifanya kazi ya picha ishirini za garimoshi.

Lakini dhamira ya reli ina deni ambalo msanifu mwaminifu hawezi kulikwepa. Wafanyakazi zaidi ya 31,000 waliletwa kutoka India kuijenga, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Wanandi, ambao nchi yao ilipitiwa na njia hiyo, waliipinga kwa miaka kumi mpaka kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, alipouawa Oktoba mwaka 1905. Mabehewa yenyewe yaligawanywa kwa madaraja yaliyofuata rangi ya ngozi. Mkahawa unaowavalisha wahudumu wake kofia nyekundu na glavu nyeupe ili wageni wajihisi kama maafisa wa koloni unawaumiza watu ambao babu zao walikaa daraja la tatu, na sioni sababu ya kulisema hili kwa upole. Ikiwa reli ndiyo dhamira, na iwe reli ya waliotandika mataruma, na chapati ambayo wajenzi hao waliisaidia kuenea katika nchi hii ipewe heshima katika menyu.

Ipo dhamira ya tatu, ya dala, yaani boma la Kiluo, na kwa hii ninashauri kuazima mpangilio kuliko kuazima vyombo. Katika dala la zamani kulikuwa na duol, kibanda cha mzee karibu na zizi, ambamo wanaume walikula na kuzungumza, na kulikuwa na siwindhe, nyumba ya bibi, ambamo watoto walilala na kusimuliwa hadithi. Ukiupanga ukumbi wako kwa mantiki hiyo, yaani pembe moja ya viti vya duara kwa mazungumzo marefu na pembe nyingine tulivu kwa familia yenye watoto, umeazima kitu kilicho hai. Ukitundika ngao na kofia ya manyoya juu ya kaunta ya vinywaji, umeazima kitu ambacho mgeni mzee anajua kilikuwa cha nani na kilivaliwa lini, na yeye ndiye atakayeona haya kwa niaba yako.

Dhamira ikishakamatika, hufuata vipimo, na hapa hakuna dhamira inayosamehewa. Uso wa meza huwa kama sentimita 75 kutoka sakafuni na kiti kama sentimita 45, ili sentimita 30 zibaki kwa ajili ya mapaja. Kila mlaji hutaka upana wa sentimita 60 mezani. Vitabu vingi vya kazi hii, vilivyoandikwa kwa ajili ya watu wanaokula sahani moja kwa uma na kisu, hukubali meza ya watu wawili yenye sentimita 60 kwa 60, sisi tusiikubali. Mlo wa ngege mzima una sinia ya samaki, sahani ya ugali, bakuli la mchuzi, mboga za sukuma au osuga, kachumbari, na mahali pa kuweka miiba, na vyote hivyo viko mezani kwa wakati mmoja. Meza ya wanne isiyofika sentimita 90 kwa 120 itamlazimu mgeni kuweka bakuli pajani. Mlango na njia kuu zisipungue sentimita 90, na pawepo mahali pa mduara wenye kipenyo cha mita 1.5 ambapo kiti cha magurudumu kinaweza kugeuka, kwa maana mgeni anayelazimika kurudi kinyumenyume hadi mlangoni hatarudi tena.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni kunawa. Katika mikahawa mingi tunayoijenga, sinki la kunawia mikono huwekwa mahali palipobaki baada ya kila kitu kupangwa, mara nyingi kwenye korido ya choo. Fikiria ukumbi wa viti 60 saa saba na nusu mchana, watu 20 wanamaliza kula karibu wakati mmoja, na kila mmoja anahitaji sekunde 40 kuondoa mafuta ya samaki vidoleni. Mfereji mmoja utawachukua zaidi ya dakika 13. Mifereji minne itawachukua kama dakika 3. Foleni hiyo, ya watu walioshika mikono juu wasiguse chochote, hupita katikati ya meza za wanaokula na kukutana na wahudumu wanaotoka jikoni. Kwa hiyo sinki linastahili kuwa kati ya mlango na meza, panapoonekana, lenye mifereji ya kutosha, na lenye sakafu isiyoteleza.

Namna nyingine, ambayo mimi huipendelea pale dhamira inapokuwa ya nyumbani au ya ufuo, ni birika na beseni. Katika nyumba nyingi za magharibi mwa Kenya mgeni hanyanyuki kwenda kunawa; kijana wa nyumba humjia na maji ya vuguvugu, akainama kidogo, akammiminia mikononi juu ya beseni, na kwa tendo hilo mgeni akajua kwamba amepokewa. Mkahawa ukifanya hivyo kabla na baada ya chakula, umeweka dhamira mikononi mwa mgeni kwa maana halisi. Lakini tendo hilo lina madai yake ya usanifu: mhudumu lazima afike ubavuni mwa kila mlaji, kwa hiyo kusiwe na kiti kilichosukumwa ukutani; lazima pawepo stuli ya kuwekea birika; na maji ya moto yapatikane karibu, wala yasiletwe kutoka upande wa pili wa jengo. Wazo zuri lisilopewa nafasi sakafuni huachwa katika wiki ya pili, wahudumu wanapochoka.

Sasa nifikie jua na upepo, mambo ambayo kwa Kisumu yana uzito wa pekee. Mji uko karibu sana na ikweta, na ghuba ya Winam iko upande wake wa magharibi na kusini-magharibi, kwa hiyo kila mwenye kiwanja kizuri hutaka madirisha yake yatazame huko, na mandhari hiyo ndiyo anayoilipia kodi. Jua huzama mwaka mzima kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja kasoro, na ifikapo saa kumi na nusu alasiri huwa limeshuka hadi kama nyuzi 30 juu ya upeo wa macho. Hapo upenu wa paa haufui dafu: upenu uliotokeza mita 1 hutia kivuli chini yake kwa kama sentimita 60 tu, na uwazi wenye kimo cha mita 2.5 hubaki karibu wote ukiwa umechomwa. Fundi atakuambia urefushe upenu, lakini ungelazimika kuufikisha zaidi ya mita 4, na kwa kufanya hivyo ungeutia giza ukumbi mzima asubuhi.

Kinachofaa ni kivuli cha kusimama wima: mbao nyembamba zinazozungushwa, mikeka ya mafunjo inayoteremshwa kwa kamba, au miti iliyopandwa mita chache mbele ya ukumbi. Mikeka ndiyo rahisi kuliko yote, na ni hapa ambapo shida ya jua na dhamira ya ufuo zinaweza kuoana. Mkeka unaoteremshwa saa tisa na kupandishwa saa kumi na mbili, jua linapogeuka jekundu na wageni wanataka kulitazama, huugawa mchana wa mkahawa sehemu mbili, na wateja wa kila siku huizoea saa hiyo kama wanavyoizoea adhana au king’ora cha kiwanda.

Upepo nao hufuata saa. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, kwa hiyo hewa huvuma kutoka ziwani kuja mjini. Usiku mambo hugeuka, na hewa huteremka kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Mwenye mkahawa anayeweka jiko upande wa mashariki, nyuma ya ukumbi, atafurahia mchana, moshi na harufu ya mafuta vikipeperushwa mbali na wageni. Usiku, wakati ambapo mkahawa umejaa, moshi ule ule hurudishwa juu ya meza zake, naye atamlaumu mpishi. Jiko la kukaanga samaki linahitaji mfuniko wa kunyonya moshi wenye feni na bomba linalopanda juu ya kilele cha paa, na feni iwe na nguvu ya kuvuta hewa kutoka ukumbini kuelekea jikoni, isiwe kinyume chake. Kifaa hiki hakina uzuri wowote, ni ghali, na ndicho cha kwanza kukatwa bajeti inapopungua. Ningekata rangi, ningekata mabenchi ya ngozi, ningekata hata taa za kuning’inia, kabla ya kukigusa.

Sauti ndiyo sehemu ambayo watu huidhani kuwa bahati, ilhali inahesabika. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kilimtaka mwalimu wake wa fizikia, Wallace Sabine, atafute sababu ya ukumbi mmoja wa mihadhara kutosikika. Sabine alifanya kazi usiku, kukiwa kimya, akibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akaiongeza kidogo kidogo na kupima kwa saa sauti inachukua muda gani kufifia. Alichogundua ni kwamba muda wa mwangwi hutegemea mambo mawili: ukubwa wa chumba, na uwezo wa nyuso zake kunyonya sauti. Ukizidisha ujazo wa chumba kwa mita za ujazo na 0.161, kisha ukagawa kwa jumla ya unyonyaji, unapata sekunde ambazo sauti itakaa hewani. Na kipimo chake cha unyonyaji kilikuwa dirisha lililo wazi, kwa kuwa sauti inayotoka dirishani hairudi.

Tuchukue ukumbi wa mita 15 kwa 8 wenye kimo cha mita 3.5, uliojengwa kama tunavyojenga wengi: sakafu ya vigae, kuta za plasta, dari ya zege. Ujazo wake ni mita za ujazo 420. Nyuso zake zote ni kama mita za mraba 400, na kila moja hunyonya takriban asilimia 3 tu ya sauti inayoigonga, kwa hiyo jumla ya unyonyaji ni 12, na mwangwi wa ukumbi mtupu hukaribia sekunde 5.6. Wakiingia watu 60, ambao miili na nguo zao hunyonya kila mmoja karibu nusu ya dirisha wazi la mita moja ya mraba, jumla hufika kama 39 na mwangwi hushuka hadi sekunde 1.7. Bado ni kelele. Mwaka 1911 tabibu wa Ufaransa, Étienne Lombard, alieleza kwamba mtu aliye katikati ya kelele hupandisha sauti yake bila kujua. Basi meza moja hupaza, meza ya pili hujibu kwa kupaza zaidi, na baada ya nusu saa ukumbi mzima unapiga kelele huku kila mgeni akiamini kwamba jirani yake hana adabu.

Ukuta wa magharibi wa ukumbi huo ukifunguliwa kwa mita 8 kwa 2.5, umepata mita za mraba 20 za dirisha la Sabine, na mwangwi unashuka hadi kama sekunde 1.1. Uwazi ule ule unaoleta upepo wa ziwa unatoa kelele nje. Joto la Kisumu, tulilokuwa tukililalamikia, limetulazimisha kufanya jambo jema. Nusu ya dari ikifunikwa kwa kitu kinachonyonya nusu ya sauti, tunafika chini ya sekunde 0.8, ambapo watu huzungumza kwa raha. Mkeka wa mafunjo unaweza kuwa uso wa dari hiyo, lakini kwa sharti: ukigundishwa moja kwa moja kwenye zege haufanyi kazi kubwa. Unahitaji kuteremshwa kama sentimita 10, ukiwa na tabaka la pamba ya mawe, yaani nyuzi zinazotengenezwa kwa mawe yaliyoyeyushwa, juu yake, ili sauti ipenye na kunaswa. Pamba hiyo haiungui, na hilo ni jema, kwa kuwa mafunjo makavu huwaka upesi mno. Mikeka yoyote ya darini ipakwe dawa ya kuzuia moto na isikaribie jiko wala balbu zinazotoa joto. Paa la mabati lisilo na dari chini yake linahitaji tabaka hilo hilo kwa sababu nyingine, maana mvua kubwa ya alasiri hukomesha mazungumzo yote.

Kuhusu mwanga nitasema machache. Balbu nyeupe ya kibuluu, ile ya Kelvini 6,500 inayouzwa kila duka, humfanya ngege aliyekaangwa aonekane kijivu na mgeni aonekane mgonjwa. Balbu ya Kelvini 2,700, yenye uwezo wa kuonyesha rangi wa 90 au zaidi kwenye kipimo cha 100, humrudishia samaki rangi ya dhahabu na kachumbari wekundu wake. Ina faida nyingine kwa mji wa ziwa: wadudu, wakiwemo wale wanaoinuka ziwani kwa makundi yanayofanana na moshi, huvutwa zaidi na mwanga wa buluu. Taa kali iwekwe nje, mbali na meza, na taa za mezani ziwe hafifu na za manjano. Jikoni na kwenye mizani ya samaki pawe na mwanga mwingi usiofichika, kwa sababu mteja ana haki ya kuona jicho la samaki anayemnunua.

Vifaa vingi vya kazi hii viko karibu nasi. Gugumaji, lililoliingia ziwa hili karibu na mwaka 1990 na kuwakwamisha wavuvi tangu hapo, hukaushwa na kusukwa viti na mafundi wa hapa Kisumu. Viti hivyo ni vyepesi na vya kupendeza, lakini havipendi maji, kwa hiyo mahali pake ni pembe ya vinywaji na si chini ya birika na beseni. Jiwe la sabuni la mahali paitwapo Tabaka, kule Kisii, ni laini na hukwaruzika, hivyo halifai sakafu, ila hukaa na joto vizuri na linafaa kuwa sinia ya kupakulia. Uso wa meza uwe mbao ngumu iliyopakwa vanishi ya kustahimili maji moto, au terazo, kwa maana utapanguswa mara kumi kwa siku. Kila kitu kinachotaka kutundikwa juu ya meza kipimwe kwa swali moja: nani atakiosha, kwa ngazi ipi, kila baada ya siku ngapi? Pasipo jibu, kisitundikwe.

Katika ule mkahawa nilioanza nao, hatukununua mchoro hata mmoja. Wavu ulishushwa. Tulitoa meza zote nje, tukachukua chaki, tukachora sakafuni mahali pa samaki, sinki, njia ya mhudumu na meza kumi na nne, kisha tukakodi viti vya plastiki na kuwaalika watu kumi na wawili, mmoja akiwa na mtoto mchanga, mmoja akiwa kwenye kiti cha magurudumu, na mama mmoja mzee ambaye tangu mwanzo hakupenda mlango wetu. Walikula ugali na samaki kuanzia saa saba mpaka jua lilipozama, nasi tukaandika kila mahali mhudumu alipolazimika kupita kwa ubavu, kila mtu aliyehama kwa sababu ya jua, na kila sahani ya miiba iliyokosa pa kuwekwa. Yule mama alionyesha kwamba mtu aliyetoka kunawa alikuwa akimdondoshea maji begani, tukalisogeza sinki mita mbili. Chaki ilifutwa na kuchorwa upya mara tatu, katika siku tatu tofauti, kabla ya seremala kuitwa.